Mgonjwa Haulizwi Uji

Wahenga waliposema kwamba mgonjwa haulizwi uji walikuwa na yakini ya mambo mawili. La kwanza, kwamba aliyelala hana nguvu za kujibu, na kumhoji ni kumzidishia taabu. La pili halikutajwa kwa kuwa halikuhitaji kutajwa: uji unafaa. Ruhusa yote ya kutouliza imesimama juu ya yakini hii ya pili. Lau mtu angemnywesha mgonjwa kitu asichokijua, pasi na kumwuliza, wahenga hao hao wangekuwa na neno jingine la kumwambia.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, magharibi ya mkoa wa Kagera, ambako mto wenye jina hilo unaitenga Tanzania na Rwanda, jambo hili halikai vitabuni. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini migomba ni ile ile, na safari ya mgonjwa ni ile ile. Achukuliwe mtoto mmoja anayeletwa hospitali ya Nyakahanga, au kituo cha Nkwenda, kwa pikipiki, amepakatwa baina ya dereva na mama yake. Ana homa, anapumua mbiombio, viganja vimepoa, haitiki anapoitwa. Ana nini? Huenda ni malaria. Huenda ni nimonia, au vijidudu vimeingia damuni, au ni homa ya uti wa mgongo. Na huenda ni mawili ama matatu kwa pamoja. Maabara italijibu moja usiku ule. Mengine yatajibiwa kesho, au hayatajibiwa kabisa. Lakini uji lazima upikwe sasa.

Kiswahili kilikwisha kuliona hili zamani, kwani neno mahututi halitaji ugonjwa, linataja hali. Mwenye malaria anaweza kuwa mahututi, na mwenye kichaa cha mbwa, na mzazi aliyetokwa na damu nyingi. Hali hiyo, wala si chumba chenye mashine, ndiyo inayomfanya mtu astahili uangalizi wa pekee. Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za nchi 22 za Afrika, ukachapishwa mwaka 2025, ulimkuta mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa yumo katika hali hiyo, na karibu saba katika kila kumi ya hao wamelala katika wodi za kawaida. Basi anayetaka kujua ni tiba gani iwafaayo walio mahututi hana budi kuanza na fujo hii: wagonjwa wa kila namna, walio katika ukingo mmoja, mikononi mwa muuguzi mwenye vitu vichache.

Suala la dawa ipi imemponya nani lina historia ndefu katika ardhi hiyo. Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka Unguja kwenda bara kutafuta chimbuko la Nili, na mwishoni mwa 1861 wakafika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Mwezi Januari 1862 Speke aliendelea na njia kuelekea Buganda. Grant alibaki, kwani mguu wake ulikuwa umevimba na kuchimbika kidonda, hawezi kusimama. Alilala Karagwe hadi Aprili, kisha akaondolewa kwa machela. Katika miezi ile alitiwa dawa moja baada ya nyingine, na mguu ukaja ukapona taratibu. Wako madaktari wa zama za baadaye walioukisia kuwa ni kidonda cha Buruli. Ni kipi kilichomponya? Kila aliyeleta bandiko lake alikuwa na haki ya kudai kuwa ni lake. Na yamkini asingetiwa chochote angepona vilevile, au angepona mapema zaidi. Grant alikuwa mmoja tu, na mtu mmoja hawezi kuziishi siku zile zile mara mbili, mara na dawa na mara bila ya dawa.

Jaribio la tiba ni hila ya kuushinda upweke huo wa Grant. Hutafutwa watu wengi walio katika hali moja, wakagawanywa kwa kura, hawa wapewe hiki na wale kile, kisha wahesabiwe waliopona na waliokufa. Kura hapa si mchezo. Watu wa pwani na visiwani wameitumia kugawa mafungu ya urithi khasa kwa sababu haina mpenzi wala hasimu. Haijui nani mtoto wa mwalimu na nani wa mchuuzi, wala haimpi dawa mpya yule anayeonekana ataishi na kumnyima yule anayeonekana atakufa, kama ambavyo mkono wa tabibu, kwa wema wake wote, huelekea kufanya. Ugumu wote umejificha katika maneno mawili: hali moja. Nani aliye sawa na nani?

Mfano uliotikisa ulimwengu wa tiba ulitoka Afrika ya Mashariki yenyewe. Kwa miaka mingi miongozo ya nchi tajiri ilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vyema amiminiwe maji ya mishipani kwa wingi na kwa haraka. Hoja yake ilikuwa wazi hata kwa asiyesomea: mishipa imenywea, na ijazwe. Hakuna aliyewahi kuyapima maji hayo kwa jaribio kubwa barani Afrika, ambako watoto hao wamejaa. Baina ya Januari 2009 na Januari 2011 jaribio lililopewa jina la FEAST, likiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, liliwaandikisha watoto 3141 katika hospitali sita: Kilifi ya Kenya, Muheza ya Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Soroti, Mbale na Lacor. Hawakuandikishwa kwa jina la ugonjwa. Waliandikishwa kwa dalili, zile zile za mtoto wa kwenye pikipiki: homa, kuzimia au kupumua kwa shida, viganja baridi. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Wengine wengi hawakuwa nayo. Theluthi moja walipewa haraka maji ya chumvi, theluthi nyingine maji yenye albumini, na theluthi ya mwisho hawakumiminiwa; walipewa dripu ya kawaida ya polepole pamoja na dawa zote nyingine.

Ilikusudiwa waandikishwe 3600. Wasimamizi wa takwimu waliusimamisha utafiti kabla ya hapo. Katika saa 48 za mwanzo walikuwa wamefariki watoto 111 kati ya 1050 waliopewa albumini, na 110 kati ya 1047 waliopewa maji ya chumvi. Katika wale 1044 wasiomiminiwa walifariki 76. Uji, kwa wagonjwa hawa, ulikuwa ukiua.

Kila tabibu aliyekuwa wodini alikuwa ameona kwa macho yake mtoto akimiminiwa maji, viganja vikapata joto, mtoto akafumbua macho. Hawakuwa waongo. Dalili zilitengenea kweli, katika saa ile ya mwanzo, kisha baadaye baadhi ya watoto moyo ulishindwa wakafa, na kifo kikaandikwa kwenye hesabu ya malaria. Hapana jicho la mtu mmoja, hata liwe na uzoefu wa miaka 30, liwezalo kutofautisha saba katika mia na kumi katika mia. Mwenye jicho hilo humkumbuka aliyefumbua macho.

Upinzani ulikuja upesi, nao haukuwa wa kijinga. Ilisemwa kwamba wagonjwa wa FEAST walikuwa mchanganyiko: wenye malaria, wenye upungufu mkubwa wa damu, wenye vijidudu damuni, wote wametiwa chungu kimoja. Wastani wa mchanganyiko, walisema, si hali ya yeyote. Akiwapo mmoja anayeuawa na maji na mwingine anayeokolewa nayo, wastani utatoa hukumu moja isiyomstahili hata mmoja wao. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya majaribio katika wodi za mahututi, na mwaka 2020 ilipata ushahidi wake. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilipoipima deksamethazoni kwa wagonjwa wa korona, vifo vilipungua kwa theluthi hivi kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vikapungua kidogo kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu, na kwa wasiohitaji oksijeni hapakuonekana faida yoyote. Mwenye kuwachanganya wote na kutoa wastani mmoja angekuwa amewapa dawa wasioihitaji.

Basi na wagawanywe, atasema mtu. Wagawanywe kwa ugonjwa, kwa umri, kwa kiasi cha damu, kwa aina ya kimelea. Lakini mwenye kugawa anapaswa kuuona mwisho wa njia yake. Kila mgawo unalipunguza kundi, na kundi likipungua hesabu haisemi kitu. Watoto elfu tatu wakigawanywa mara kumi huwa mia tatu tatu. Wakigawanywa kwa kila sifa yao huwa mmoja mmoja. Na mgonjwa aliye kundi lake peke yake amerudi pale pale alipolala Grant, katikati ya mabandiko, hajui kipi kilichomponya. Aidha, mwenye kugawagawa baada ya matokeo kutoka hakosi kukiona anachokitafuta, kama atazamaye mawingu kwa muda mrefu.

Katika FEAST wenyewe makundi yalikuwa yamekwisha kutazamwa, wenye malaria na wasio nayo, wenye damu pungufu na wenye damu ya kutosha, wala halikupatikana hata moja ambalo maji yaliliokoa. Na huko Lusaka, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 liliwatazama watu wazima waliokuwa na sumu ya vijidudu damuni na shinikizo la damu lililoshuka, wengi wao wakiishi na VVU. Waliopewa tiba ya haraka ya maji na dawa za kupandisha shinikizo walifariki asilimia 48.1, waliopewa uangalizi wa kawaida, asilimia 33. Hawa na watoto wa Mbale hawana mengi ya kufanana. Walifanana katika kumiminiwa maji, na katika kukosa mashine za kuwashika pindi mwili unapolemewa nayo.

Kinachotoka katika mifano hii miwili, ya maji na ya deksamethazoni, ni kwamba haki ya mgawo haipimwi kwa ujuzi wa anayegawa. Hupimwa kando ya kitanda. Anayehitaji oksijeni na asiyeihitaji ni mgawo ambao muuguzi wa Nkwenda anaweza kuuona kwa kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Viganja baridi na viganja vya moto anaviona bila ya kifaa. Bali mgawo unaotegemea kipimo cha vinasaba kitakachorudi baada ya wiki moja kutoka mji mwingine, hata uwe wa kweli kiasi gani, haumsaidii mtoto wa usiku ule, na tabibu anayesubiri ukweli huo ataendelea kutoa uji ule ule kwa wote. Jaribio lililo aminifu huchagua wagonjwa wake kwa kiwango kile kile cha kutojua ambacho tabibu atakuwa nacho atakapoyatumia matokeo. FEAST lilitukanwa kwa mchanganyiko wake, ilhali wodi yenyewe ndiyo mchanganyiko.

Kutoka Kyerwa mtu akivuka mto wa Kagera yumo Rwanda, na huko mwaka 2024 swali hili lilikuja kwa sura kali zaidi. Tarehe 27 Septemba mwaka huo ilitangazwa huko homa ya Marburg. Waliougua walikuwa 66, wengi wao watumishi wa afya, na waliofariki 15, chini ya robo. Kwa ugonjwa huu hilo ni jambo la kustaajabisha. Upande wa Kagera, mlipuko wa Bukoba Vijijini wa mwaka 2023 uliwapata watu tisa na kuwaua sita. Na ule wa Biharamulo wa Januari 2025 ulihesabu watu kumi, wawili waliothibitishwa kwa kipimo na wanane waliodhaniwa, na wote kumi walikufa. Mjini Kigali wagonjwa walipewa remdesivir, wakapewa kingamwili za kutengenezwa, wakawekwa kwenye mashine, na wawili walitolewa kwenye mashine hizo wakiwa hai, jambo ambalo halijapata kuonekana Afrika kwa wagonjwa wa Marburg. Chanjo iliyokuwa bado katika majaribio iliwafikia watumishi wa afya siku chache tu baada ya mlipuko kutangazwa, pasi na kundi la kulinganishia katika hatua ile ya mwanzo.

Ni kipi basi kilichowaokoa wale wa Kigali? Dawa? Kingamwili? Mashine, wauguzi wengi, au ujana wa wagonjwa? Kila bandiko lina haki ya kudai. Si uhodari kuwalaumu madaktari waliokuwa wakiwauguza wenzao wa kazi kwa kutopiga kura kitandani, nani angeweza? Hata hivyo kura iliwahi kupigwa jirani na hapo, tena katikati ya risasi. Huko Kongo ya mashariki, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, baina ya 2018 na 2019 wagonjwa 681 wa Ebola waligawanywa kwa kura katika dawa nne. Mbili kati yake zilidhihirika kuwa bora, vifo vikiwa kama theluthi moja, na mbili zikaachwa nyuma vifo vikiwa nusu. Katika zile zilizoachwa ilikuwamo remdesivir. Ebola si Marburg, na kwa hiyo hakuna wa kuapa kwamba haikufaa Kigali. Wala hakuna wa kuapa kwamba ilifaa. Gharama ya kutojua huko hailipwi Kigali. Hulipwa Biharamulo, au popote pale itakapozuka tena, kwa mgonjwa wa kwanza ambaye daktari wake ana chupa moja na hajui kama imwokoe au impotezee wakati.

Methali sasa inarudi na uzito mwingine. Katika FEAST mama hakuweza kusomewa kurasa za maelezo ilhali mtoto anakata roho, na bodi za maadili zilikubali kwamba pale ridhaa ya maandishi isipowezekana kwanza, mzazi aelezwe kwa maneno machache, akubali kwa mdomo, na saini ije baada ya tufani kupita. Wapo walioona kwamba huko ni kumnyima mama haki yake. Lakini saini ya saa nane ya usiku, ya mtu anayetetemeka, inathibitisha nini? Na kuna kichekesho kichungu ambacho wenye taaluma wamekigundua zamani: tabibu anayewamiminia maji watoto wote kwa mazoea haombi ruhusa ya mtu, na anayewamiminia nusu yao kwa kura, ili ajue, anadaiwa makaratasi.

Hata hivyo kuuliza kuna faida isiyohusu ruhusa. Anayemwambia mama, kwa lugha ya nyumbani kwake, kwamba dawa hizi mbili hatujui ipi bora na kura itaamua, amekiri kutojua kwake mbele ya mtu ambaye atabeba matokeo. Kukiri huko ni deni la heshima, hata likisemwa kwa dakika moja. Mama wa Karagwe anayesikia maneno hayo anaweza kukataa, na jaribio linalomwona mwenye kukataa kuwa ni kizuizi halijamwelewa. Anaweza pia kukubali kwa sababu ambazo fomu haina nafasi yake: kwamba amechoka, kwamba anamwamini muuguzi huyu aliyemzalisha, kwamba Mungu ndiye mwenye kura.

Na kuna deni jingine, linalokwenda upande wa pili. Mtoto wa Nyakahanga anayechomwa artesuneti kwa malaria kali badala ya kwinini anafaidi elimu iliyopatikana kwa watoto 5425 wa nchi tisa za Afrika, wakiwamo wa Korogwe na Muheza, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini. Hakuna mtoto wa Karagwe aliyepigiwa kura hiyo. Je, anayekula uji uliojaribiwa kwa watoto wa wenzake anadaiwa naye kujaribiwa? Jibu la haraka ni hapana, kwa kuwa mtoto hakuomba. Lakini elimu nayo huchakaa. Mwaka 2022 vimelea vya malaria vilivyokusanywa Karagwe vilikutwa na badiliko la 561H, na wagonjwa wengi kuliko kawaida walikuwa bado na vimelea siku ya tatu ya dawa. Watafiti wa Tanzania waliyachapisha hayo mwaka 2024. Mwaka huo huo wa 2024 ilielezwa kwamba huko Jinja, Uganda, kati ya watoto mia moja wenye malaria iliyozidi, 11 walionesha dalili za usugu huo huo wa kiasi. Yaliyothibitishwa Muheza mwaka 2010 yalithibitishwa juu ya vimelea vya wakati ule. Pengine wa kwanza kuhitaji jaribio jipya ni hao hao wa Karagwe na Kyerwa, na safari hii hakuna wa kukopa kwake.

Limebaki jambo ambalo hesabu za FEAST zinalisema na hazilisemi. Watoto waliomiminiwa maji walikuwa 2097, na waliofariki kati yao katika siku mbili za mwanzo walikuwa 221. Lau wangekufa kwa kiwango cha wenzao wasiomiminiwa, wangekuwa 150 na ushei. Tofauti ni karibu watoto sabini. Sabini hao wapo, lakini hawana majina. Hakuna awezaye kumwendea mama mmoja wa Soroti au wa Muheza akamwambia, wako alikuwa miongoni mwao. Wala hakuna awezaye kumwambia, wako hakuwamo. Kabla ya 2009 walikufa wengine kwa maji yale yale katika wodi za nchi nyingi, na hao hata idadi hawana. Baada ya mwaka 2011 wapo waliosalimika kwa kutomiminiwa, na leo wengine wao ni vijana wanaobeba ndizi kwenda mnadani, bila ya kujua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliorekebishwa mwaka 2016. Baina ya tarehe hizo mbili ipo miaka mitano, na katika miaka hiyo uji uliendelea kupikwa katika wodi nyingi kama ulivyokuwa ukipikwa.